Habari Zilizoandikwa Katika Nuru

1. Njia za kujua vitu

Mtu akitaka kujua kitu ni kitu gani, ana njia nyingi za kukijaribu. Mpishi huonja mchuzi apate kujua kama chumvi imetosha. Sonara akipewa pete huisugua juu ya jiwe jeusi, akaitazama alama yake, akajua kama ni dhahabu safi au kama imechanganywa na shaba. Mkulima hufikicha udongo kwa vidole. Lakini njia hizi zote zataka jambo moja, nalo ni kwamba kitu chenyewe kiwe karibu, nasi tuweze kukigusa. Je, kama kitu kiko mbali hata hakifikiki? Au kama ni kidogo mno, hata ulimi haukionji wala mizani haikipimi?

Zamani watu wenye elimu walidhani ya kuwa mambo kama hayo hayajulikani kabisa. Mwaka 1835 mwanachuoni mmoja wa Ufaransa, jina lake Auguste Comte, aliandika ya kuwa wanadamu waweza kupima umbali wa nyota, na ukubwa wake, na mwendo wake. Lakini kujua nyota zimefanywa kwa vitu gani, hawataweza kamwe kwa njia yo yote. Neno hilo lilionekana kuwa kweli, kwa maana ni nani awezaye kwenda kwenye nyota akaleta kipande chake?

Walakini haikutimia hata miaka 25, watu wakajua vitu vilivyomo katika jua, wala hakuna mtu aliyetoka duniani. Habari zenyewe zilikuwa zikiwafikia kila siku pamoja na nuru. Walichokosa ni kujua kuzisoma. Katika somo hili tutaona jinsi walivyojifunza kuzisoma, na faida tunazozipata hata leo.

2. Nuru nyeupe na rangi zake

Kila mtu amepata kuona upinde wa mvua. Rangi zake hufuatana sikuzote kwa taratibu moja: nyekundu, rangi ya chungwa, manjano, kijani, buluu, nili na zambarau. Rangi hizo huonekana pia nuru ipitapo katika ukingo wa kioo kinene. Watu wa kale walidhani ya kuwa kioo ndicho kitiacho rangi katika nuru, kama mtu atiavyo rangi katika nguo.

Mwingereza mmoja, Isaac Newton, hakukubali neno hilo bila kulijaribu. Alifunga madirisha ya chumba chake, akatoboa tundu dogo, mwali mmoja wa jua ukaingia. Mbele ya mwali ule akaweka kioo cha pande tatu, kiitwacho mche. Nuru ikapinda, ikatokea juu ya ukuta wa ng'ambo, si doa jeupe tena, bali utepe mrefu wenye rangi zote. Kisha akatwaa rangi moja peke yake, akaipitisha katika mche wa pili. Kama kioo ndicho kitiacho rangi, mche wa pili ungaliongeza rangi nyingine. Lakini nyekundu ilibaki nyekundu, na buluu ikabaki buluu. Tena alipozikusanya rangi zote pamoja, nuru nyeupe ikarudi.

Basi mwaka 1672 Newton akatangaza ya kuwa nuru nyeupe ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Kioo hakitii kitu, huzitenga tu, kwa sababu kila rangi hupinda kwa kadiri yake: nyekundu hupinda kidogo, na zambarau hupinda zaidi. Utepe huo wa rangi huitwa spektra, na chombo cha kuutazamia huitwa spektroskopu.

3. Yatima aliyefukiwa

Katika nchi ya Bavaria, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani, alizaliwa mwaka 1787 mtoto aitwaye Joseph Fraunhofer. Baba yake alikuwa fundi wa vioo, mtu maskini. Mtoto alipofika umri wa miaka 11 alikuwa amekwisha kufiwa na baba na mama. Akapelekwa katika mji wa Munich awe mwanafunzi wa fundi wa vioo vya kujitazamia. Alifanya kazi bila mshahara, wala hakupewa nafasi ya kusoma.

Mwaka 1801 nyumba ya fundi yule ikaanguka, ikamfukia. Watu walifukua kifusi kwa saa nyingi, wakamtoa yu hai. Mtawala wa nchi alikuwapo akitazama, akamhurumia yatima yule, akampa zawadi ya fedha. Kijana hakuila fedha ile. Alinunua vitabu, akanunua mashine ya kusugulia vioo, na iliyosalia akaitumia kujikomboa katika mkataba wake kabla haujaisha. Akajifunza kwa bidii, hata akawa fundi hodari kuliko wote wa Ulaya katika kazi ya vioo vya darubini.

Kazi hiyo ilimtaka ajue kwa hakika kila aina ya kioo yapinda kila rangi kwa kiasi gani. Shida yake ilikuwa hii: rangi za utepe hazina mipaka. Nyekundu huingia katika rangi ya chungwa pole pole, wala huwezi kuweka kidole ukasema, hapa ndipo mwisho wake. Alikuwa akitafuta alama. Mwaka 1814 alipitisha nuru ya jua katika upenyo mwembamba sana, kisha katika mche mzuri, akautazama utepe kwa darubini. Akaona mistari myeusi, myembamba kama nywele, imeukata utepe toka ukingo hata ukingo. Mwingereza mmoja, William Wollaston, alikuwa ameona michache mwaka 1802, lakini hakuifuata. Fraunhofer aliifuata. Akachora mahali pa mistari 574, na ile iliyo mikubwa akaipa majina ya herufi: A, B, C, D na kuendelea.

Sababu ya mistari ile hakuijua. Alikufa mwaka 1826, umri wake miaka 39. Walakini aliacha ramani sahihi ya jambo asilolielewa, na ramani ile ndiyo iliyowaongoza waliokuja nyuma yake.

4. Marafiki wawili wa Heidelberg

Ukinyunyiza chumvi katika moto wa kuni, utaona ndimi za moto zageuka kuwa za manjano. Ndivyo ilivyo pia jikoni, maji ya chumvi yanapofurika toka chunguni yakaangukia moto. Jambo hili wapishi wameliona tangu kale, lakini ni wachache waliojiuliza maana yake.

Katika chuo kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, walikuwako marafiki wawili: Robert Bunsen, bingwa wa kemia, na Gustav Kirchhoff, bingwa wa fizikia. Bunsen alikuwa amepofuka jicho moja, kwa kuwa kitu alichokuwa akikichungua katika kazi yake kililipuka usoni pake. Lakini jicho lililosalia lilimfaa sana. Alitengeneza taa ya gesi yenye moto usio na rangi, ambayo hata leo hutumika katika maabara nyingi za shule. Akitia chumvi ya kulia katika moto huo, moto huwa wa manjano. Akitia chumvi ya potasiamu, huwa wa zambarau hafifu; akitia ya strontiamu, huwa mwekundu; akitia ya shaba, huwa wa kijani. Lakini chumvi mbili zikichanganyika, rangi ya moja huifunika nyingine, na jicho hudanganyika. Kirchhoff akamshauri wasiutazame moto kwa macho tu, bali waipitishe nuru yake katika mche.

Walipofanya hivyo mwaka 1859, waliona jambo la ajabu. Moto wa chumvi haukutoa utepe wa rangi zote. Ulitoa giza, na katika giza lile mstari mmoja wa manjano unaong'aa. Wakajaribu vitu vingine, wakaona ya kuwa kila elementi ina mistari yake yenyewe, mahali pake penyewe, wala hapana mbili zenye mistari iliyo sawa. Elementi ni kitu cha asili ambacho hakiwezi kugawanywa kwa njia za kemia kikawa vitu vingine, kama vile chuma, shaba, dhahabu, na sodiamu iliyomo katika chumvi.

Mfano wake ni kama chapa za ng'ombe. Kila mfugaji huwatia ng'ombe wake alama yake, na makundi yakichanganyika malishoni, kila mtu huwatambua walio wake. Vivyo hivyo elementi nyingi zikitiwa pamoja motoni, mistari ya kila moja huonekana mahali pake, wala haifichwi na mingine.

Njia hii ilikuwa kali kuliko mizani yo yote. Siku moja walichukua miligramu 3 za chumvi yenye sodiamu, wakazilipua katika pembe ya chumba, mbali na chombo chao. Baada ya dakika chache mstari wa manjano ukatokea katika moto wa taa. Walipopiga hesabu waliona ya kuwa spektroskopu yaweza kutambua sodiamu iliyo ndogo kuliko miligramu moja iliyogawanywa sehemu milioni tatu.

5. Jua lasomwa

Husimuliwa ya kuwa usiku mmoja moto mkubwa ulizuka katika mji wa Mannheim. Bunsen na Kirchhoff waliuona kwa mbali kutoka dirisha la maabara yao, ng'ambo ya uwanda. Wakauelekezea chombo chao, wakaona mistari ya bariamu na strontiamu. Baadaye, walipokuwa wakitembea, Bunsen akawaza: ikiwa wameweza kujua vitu viunguavyo Mannheim bila ya kwenda Mannheim, kwa nini wasiweze kujua vilivyomo katika jua?

Kirchhoff alikuwa ameona ya kuwa mstari wa manjano wa sodiamu huangukia mahali pale pale pa mstari mweusi ambao Fraunhofer aliuita D. Akaipitisha nuru ya jua katika moto wenye chumvi. Alitazamia ya kuwa manjano ya moto yataujaza mstari ule mweusi utoweke. Kumbe jua lilipokuwa kali, mstari ulizidi kuwa mweusi! Akatafakari, akaipata sababu. Mvuke wa sodiamu hutoa nuru ya manjano ya namna moja, na nuru ya namna ile ile itokayo nyuma yake ikipita ndani yake, mvuke huinyonya. Sasa, sehemu ya jua itoayo nuru imezungukwa na tabaka ya mvuke ambayo joto lake ni dogo kidogo kuliko la ndani. Nuru ipitapo hapo, kila elementi hunyonya rangi zake, huacha pengo. Mapengo hayo ndiyo mistari myeusi ya Fraunhofer.

Tangu hapo ile ramani ya yatima ikasomeka. Katika jua wakatambua sodiamu, chuma, kalisi, magnesi na nyinginezo; yaani vitu vile vile vilivyomo katika chumvi yetu, na majembe yetu, na mifupa yetu. Neno la Comte likavunjika.

Husemwa ya kuwa mwenye benki mmoja alimdhihaki Kirchhoff, akamwuliza dhahabu ya jua yamfaa nini, ikiwa hawezi kuileta chini. Baadaye Kirchhoff alipewa tuzo huko Uingereza, nishani pamoja na sarafu za dhahabu. Akazipeleka benki zitunzwe, akamwambia mtu yule ya kuwa dhahabu ya jua ndiyo hiyo.

6. Elementi zilizokuwa zimefichika

Ikiwa kila elementi ina chapa yake, basi mtu akiona chapa asiyoijua, hana budi kusema ya kuwa yuko mwenyewe ambaye hajaonekana. Ndivyo ilivyotokea. Mwaka 1860 Bunsen aliyachungua maji ya chemchemi ya Dürkheim, akaona mistari miwili ya buluu isiyo ya elementi yo yote iliyojulikana. Akaamuru maji yale yachemshwe mpaka yakauke, zaidi ya tani 40, naye akapata gramu chache tu za chumvi ya elementi mpya. Akaiita sesiamu, kwa neno la Kilatini lenye maana ya rangi ya mbingu. Mwaka 1861 wakapata nyingine yenye mistari myekundu, wakaiita rubidiamu.

Lakini habari ya heliamu ni ya ajabu zaidi. Tarehe 18 Agosti 1868 jua lilipatwa. Kivuli cha mwezi kilipita Adeni, kikavuka bahari mpaka Bara Hindi, na wanachuoni wengi walisafiri kwenda kukingojea. Mmoja wao, Mfaransa Jules Janssen, alikuwa Guntur katika Bara Hindi. Jua lilipofunikwa, ndimi zake za moto zikaonekana pembeni, na katika nuru yake palikuwa na mstari mkali wa manjano. Watu walidhani ni sodiamu. Mwaka ule ule, mwezi wa Oktoba, Mwingereza Norman Lockyer aliupima mstari ule, akaona ya kuwa hauko mahali pa sodiamu, bali kando yake kidogo. Hakuna kitu cho chote duniani kilichotoa mstari ule. Basi elementi ile ikaitwa heliamu, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya jua.

Wataalamu wengi wa kemia hawakusadiki. Walisema, twawezaje kukubali elementi ambayo hakuna mtu aliyeishika? Ikapita miaka 27. Mwaka 1895 William Ramsay, huko London, alitia asidi katika jiwe lenye urani, akakusanya gesi iliyotoka, akaipitishia umeme, akaitazama kwa spektroskopu. Mstari ule wa manjano ukatokea mbele yake. Heliamu ilikuwa chini ya miguu yetu siku zote.

Leo gesi hiyo ina thamani kubwa. Hutumika kupoza sumaku za mashine kubwa za hospitali zipigazo picha za ndani ya mwili. Tena mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walitangaza, pamoja na kampuni ya utafutaji, ya kuwa heliamu imo kwa wingi chini ya ardhi katika bonde la Rukwa, Tanzania. Hivyo kitu kilichojulikana kwanza katika jua, leo chatafutwa katika ardhi ya Afrika ya Mashariki.

7. Sababu ya mistari

Kwa muda mrefu watu waliweza kuisoma mistari bila kujua yaandikwa na nani. Mwaka 1913 Niels Bohr, mtu wa Denmark, aliipata njia ya kuieleza. Kila elementi ina atomu zake, na katika atomu mna vijisehemu vidogo viitwavyo elektroni. Elektroni haiwezi kuwa na nguvu ya kiasi cho chote. Mfano wake ni kama mtu apandaye ngazi: aweza kusimama juu ya kidato cha kwanza, au cha pili, au cha tatu, lakini hawezi kusimama kati ya vidato. Elektroni ikishuka kutoka kidato cha juu hata cha chini, hutoa nuru. Na kadiri ya mshuko ndiyo rangi ya nuru. Ikipanda, hunyonya nuru ya rangi ile ile. Ngazi ya kila elementi ina vidato vyake, havifanani na vya nyingine. Kwa hiyo mistari yake pia haifanani.

Hata hivyo kusoma mistari kwataka hesabu na moyo thabiti. Cecilia Payne, mwanamke Mwingereza aliyekwenda kusoma Harvard katika Marekani, alipiga hesabu mpya za mistari ya nyota. Mwaka 1925 akaona ya kuwa nyota si chuma na kalisi kwa wingi kama watu walivyodhani. Sehemu yake kubwa mno ni haidrojeni, gesi iliyo nyepesi kuliko zote. Mkuu mmoja wa elimu ya nyota, Henry Norris Russell, akamwambia ya kuwa haiwezekani. Naye, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi, akaandika katika kitabu chake ya kuwa yamkini hesabu hiyo si ya kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe alifika neno lile lile kwa njia nyingine, akakiri. Hesabu ya yule mwanamke ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

8. Faida zake katika maisha yetu

Elimu hii haikubaki katika nyota. Katika viwanda vya chuma, mafundi hupiga kipande kwa cheche ya umeme, na kwa muda mfupi spektra huwaonyesha ni elementi gani zimo na kwa kiasi gani. Hivyo huweza kulirekebisha chuma kabla hakijamwagwa. Mwaka 2012 mashine iitwayo Curiosity ilitua katika sayari ya Mirihi. Hupiga mwamba kwa nuru kali ya laser mpaka chembe zake zikawa mvuke ung'aao, ikausoma mng'ao ule, ikatuletea habari ya mawe ambayo hakuna mtu aliyeyakanyaga.

Tena iko faida katika uganga. Mwaka 1862 Felix Hoppe-Seyler, katika Ujerumani, aliona ya kuwa damu ikiwekwa mbele ya nuru huonyesha mistari miwili mipana myeusi. Mwaka 1864 George Stokes, katika Uingereza, akaonyesha ya kuwa damu ikinyang'anywa oksijeni, mistari miwili hugeuka kuwa mmoja. Basi kwa nuru waweza kujua kama damu inachukua hewa ya uzima au haichukui. Leo hospitalini mgonjwa hubanwa kidole kwa chombo kidogo kipitishacho nuru mbili, moja nyekundu na moja isiyoonekana, nacho husema damu ina oksijeni kiasi gani, bila kumchoma sindano. Njia hiyo iliwazwa na Mjapani, Takuo Aoyagi, katika miaka ya 1970.

Hapa pana onyo. Jiko la makaa likiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hiyo huishika damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na mtu aliyelala aweza kufa bila kuamka. Kile chombo cha kidole chenye nuru mbili hudanganyika, kwa kuwa damu yenye sumu hiyo ni nyekundu kama damu njema. Hospitali zina vyombo vingine vipimavyo damu kwa rangi zaidi ya mbili, navyo huufichua udanganyifu huo. Lakini si kila mahali pana chombo kama hicho. Kwa hiyo usilale kamwe na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa.

Mwisho, tutazame shamba. Mwaka 1800 William Herschel aliweka vipima joto katika utepe wa rangi, akaona joto likizidi hata nje ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Nuru hiyo isiyoonekana yafaa sana kwa kuvichungua vitu kama udongo. Katika mji wa Nairobi, Kenya, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha miti kina maabara ya kazi hiyo. Udongo hukaushwa, husagwa, hutiwa katika kisahani, kisha humulikwa. Rangi unazozinyonya na unazozirudisha huonyesha kiasi cha mboji na cha mfinyanzi, na mambo mengine yampasayo mkulima kuyajua. Kwanza sampuli kadha hupimwa kwa njia ya kemia, ili spektra zilinganishwe nazo. Baadaye nyingine nyingi hupimwa kwa nuru, upesi na kwa gharama ndogo.

9. Mwisho wa habari

Angalieni sasa jinsi kazi hii ilivyojengwa. Newton aliigawanya nuru. Fraunhofer alichora alama asizozielewa, wala hakuzitupa kwa kuwa hakuzielewa. Bunsen na Kirchhoff walizitambua alama, Lockyer akazipima kwa usahihi mpaka akaona tofauti iliyo ndogo, na Payne akahesabu upya neno ambalo wote walidhani limekwisha. Comte alikuwa mtu mwenye akili nyingi. Lakini alisema haiwezekani kabla watu hawajamaliza kutazama. Nuru ya jua ilikuwa ikimwangukia mezani pake alipokuwa akiandika, na jibu lilikuwa ndani yake.

Jaribio

Siku ya jua, asubuhi au jioni, weka bakuli ya maji karibu na dirisha au mlango. Tia ndani yake kioo kidogo cha kujitazamia, ukiegemeze upande mmoja, jua likipige ndani ya maji. Geuza kioo pole pole mpaka nuru irudi juu ya ukuta mweupe. Utaona rangi za upinde wa mvua, kwa maana maji yaliyo mbele ya kioo yamekuwa kama mche. Usilitazame jua lenyewe, wala usiache nuru ya kioo ikupige machoni, kwa maana macho yaweza kuharibika.

Maswali

1. Kwa nini Newton alitumia mche wa pili? Eleza kilichotokea.
2. Fraunhofer alizitumiaje fedha alizopewa? Wewe waonaje juu ya tendo hilo?
3. Fraunhofer alikuwa akitafuta nini alipoiona mistari myeusi?
4. Eleza kwa maneno yako jinsi mistari ya elementi ifananavyo na chapa za ng'ombe.
5. Kwa sababu gani mstari D huwa mweusi katika nuru ya jua, lakini hung'aa katika moto wenye chumvi?
6. Heliamu ilijulikana katika jua mwaka gani, na duniani mwaka gani? Miaka mingapi ilipita katikati?
7. Kwa nini ni hatari kulala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, na kwa nini kile chombo cha kidole hudanganyika?
8. Andika barua fupi kwa mkulima wa kijiji chenu, umweleze jinsi udongo wa shamba uwezavyo kupimwa kwa nuru.